Winga Aliyefichwa Jikoni kwa Mama

Sehemu ya Sita

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki jana, au aliyelifungia maandazi kabla ya kulisoma: mimi ni Umaru, kipa wa zamani wa chuo cha ualimu kule Arua, na mwaka huo wa 1977 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Koboko. Jikoni kwa mama yangu nilikuwa nimemficha Ondoga, winga wetu wa kushoto.

Jeshi lilimchukua Ondoga kwa ajili ya mpira, akaichezee timu ya kambi moja huko kusini. Walugbara wenzake walipoanza kuitwa ofisini mmoja mmoja bila kurudi, akatoroka. Mwisho wa mtoro wa jeshi miaka ile kila mtu aliujua, na mwisho wa anayemficha ulikuwa huohuo. Basi Ondoga akafuga ndevu, akajiita Gaspard, Mkongo wa Aru, ng'ambo ya mpaka, anayeuza chumvi.

Niliwaacha pale Land Rover ya jeshi iliposimama mlangoni kwetu asubuhi ya Jumatano, Ondoga yuko uani anachambua maharage, na ua wetu hauna mlango wa nyuma.

Aliyeshuka alikuwa Kapteni Nasur. Nilimfahamu kabla hajapata nyota hata moja. Mwaka 1971 alikuwa beki wa kulia wa timu ya jeshi tuliyoifunga kwenye fainali mjini Arua, mabao mawili kwa sifuri, yote mawili ya Ondoga, yote mawili yakipita upande wa Nasur. Sasa alikuwa ameletwa Koboko, na Koboko nzima ilikuwa imejifunza kuinamisha macho.

"Salaam aleikum, Mama," alimwambia mama yangu.

"Aleikum salaam, mtoto yangu. Karibu kwa mkeka."

Mama yangu anaitwa Kaltumu. Ni Mnubi wa kizamani, mkono wake haukosi ukili wa kusuka sinia, na ulimi wake hauna breki. Siku hiyo ulikuwa nayo.

Nasur akaweka pakiti ya sukari juu ya mkeka. Mwaka huo sukari ilipatikana kwa magendo tu, tena kwa kuomba. Sukari ya bure kutoka kwa mwanajeshi ilinitisha kuliko bastola iliyokuwa kiunoni mwake.

"Mwalimu, wewe iko mzima," akasema. "Mimi nafurahi. Wenzako wengine hapana mzima."

"Alhamdulillahi, afande."

"Mimi nafuata habari ya timu yenu yote. Mpira ya chuo mimi napenda mpaka leo. Ile refu ya katikati, Mindra, iko nafundisha shule ya Manibe. Ile fupi ya kona iko Juba, naendesha lori. Yugu." Akanywa chai. "Yugu alikufa."

"Alikufa na nini, afande?"

"Alikufa tu."

Nilikuwa nimedaka mipira nyuma ya mgongo wa Yugu miaka miwili mizima. Nikatikisa kichwa kama mtu anayeambiwa bei ya mihogo.

"Na Ondoga?" akauliza. "Ile ya kushoto. Wakubwa nataka yeye sana. Alikimbia jeshi."

"Nasikia alienda Kinshasa, afande."

Nasur akacheka. "Ile mutu hata nikipita karibu yake kwa soko, mimi hapana jua. Siku ya fainali mimi naona mgongo yake tu. Uso mimi hapana pata nafasi."

Nikacheka naye. Nilicheka kupita kiasi, mpaka mama akanifinya.

Hapo ndipo Ondoga alipojitokeza mwenyewe, sinia la maharage mkononi. Baadaye aliniambia aliona mtu anayejificha ndiye anayetafutwa. Mimi niliona tumekwisha.

"Jambo, shefu. Mi naitwa Gaspard. Mi natokaka Aru. Minauzisha chumvi."

Alikoleza lafudhi ya Kikongo mpaka nikataka kumziba mdomo. Nasur akamtazama tangu kichwani hadi kwenye raba zake za turubai.

"Wewe nacheza mpira?"

"Hapana, shefu. Mi mutu ya chumvi."

"Jumapili utacheza." Akanigeukia. "Mwalimu, Jumapili sisi iko na mechi hapa Koboko. Wazee ya chuo na timu yangu. Lori inachukua wenzako, na wale wa akiba, huko Arua. Pamoja na wewe nyinyi iko kumi. Hii Mkongo iko kumi na moja."

"Afande, huyu hajui hata kupiga teke."

"Vizuri. Sisi tunacheka." Akasimama, akafuta magoti. "Lakini Mwalimu, wewe hapana fungulia sisi mlango. Kama mimi naona nyinyi nafungwa kwa kusudi, hiyo ni matusi kwa jeshi."

Akaondoka. Nikabaki nimekaa pale mkekani, nikijaribu kuelewa amri niliyopewa. Tukiwafunga wanajeshi, tumewaaibisha. Tukijifungisha, tumewatukana. Na katikati ya hayo yote, mguu wa kushoto unaojulikana West Nile nzima ulitakiwa ucheze uwanjani mbele ya beki aliyeonja uchungu wake, bila kutambulikana.

"Cheza vibaya," nilimwambia Ondoga.

"Vibaya namna gani?"

"Kama mtu wa chumvi."

"Acheze kama wewe ile mwaka mlifungwa sita," mama akasema. Ulimi wake ulikuwa umerudi.

Ondoga hakucheka. Aliendelea kuchambua maharage, akitupa mazima pamoja na mabovu.

Jumapili lori la jeshi likafika na wenzetu. Ndugu msomaji, uliwahi kuona timu ya mpira inashuka kwenye gari kama watu wanaoshushwa makaburini? Hawakuwa wameambiwa chochote. Wanajeshi walikuwa wamepiga hodi nyumba hadi nyumba, wakataja jina, wakasema panda.

Mindra alishuka amevaa suti yake ya kanisani, tai shingoni, viatu vinang'aa. Alikuwa ameshamuaga mke wake na baiskeli amempa mdogo wake.

"Wananipeleka wapi, Umaru?" akaninong'oneza.

"Uwanjani. Kuna mechi."

"Mechi gani?"

"Mpira, Mindra. Mpira wa miguu."

Akanitazama, kisha akatazama tai yake, na machozi yakamtoka hapohapo. "Mimi nilisali sala ya mwisho," akasema. "Na ile baiskeli sasa narudishiwa vipi?"

Kisha akamwona Ondoga nyuma yangu. Mdomo ukafunguka. Nikamkanyaga kidole kwa nguvu zangu zote.

"Huyu ni Gaspard," nikasema. "Mkongo. Anauza chumvi."

Mindra si mjinga. Akameza alichokuwa nacho mdomoni, akanyoosha mkono. "Gaspard, habari ya Kongo?"

Wengine wakamfuata mmoja baada ya mwingine. Walimpa mkono mwenzao waliyelala naye bweni moja na kumuuliza bei ya chumvi. Hakuna aliyemtazama mara mbili. Mpaka leo nikiwakumbuka watu wale, nawaheshimu. Watu wa Koboko nao hawakumjua kwa sura, maana mabao yake aliyafungia Arua, na ndevu zilikuwa zimemzeesha.

Mchezo ukaanza. Mimi golini nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Ondoga alikuwa anacheza vibaya kwa ustadi wa ajabu.

Mpira ukimjia, unampita. Akiukimbilia, anajikwaa. Mara moja akarusha teke la kushoto, mpira ukabaki pale pale na yeye akakaa chini. Watu wakacheka mpaka wakashikana. Watoto wakaanza kumwita Chumvi. Hata Nasur, aliyekuwa akimkaba upande ule ule wa zamani, alicheka akiwa amejishika kiuno.

Nilimwonea fahari. Nilijisemea kumbe chuo kilitoa mwigizaji, si mwanasoka. Hofu ikaanza kunilegea kifuani, nikadaka mipira miwili mizuri, nikaachia mmoja ulionishinda kweli. Mindra, miguu mitupu na suruali ya suti imekunjwa hadi magotini, akasawazisha kwa kichwa. Moja kwa moja. Nikaomba Mungu refa apulize, kila mtu aende kwao, Mindra akadai baiskeli yake.

Refa alikuwa sajenti wa Nasur. Zilipobaki dakika chache mwanajeshi mmoja akaudaka mpira kwa mikono miwili ndani ya boksi lao, waziwazi, hata mbuzi waliokuwa pembeni waliona. Sajenti akamtazama kapteni wake. Kapteni, kwa kuwa alikuwa amesema hataki mchezo wa kupendelewa, akaitikia kwa kichwa. Penalti, ya kwetu.

Hakuna aliyesogea kwenda kuipiga. Mindra alijifanya anafunga kamba za viatu, na viatu hakuvaa.

"Chumvi apige," akasema Nasur.

Uwanja mzima ukapiga makofi. Ondoga akaja taratibu, akauokota mpira, akauweka kwenye alama.

Hapa inabidi nieleze jambo. Mpira ule ulikuwa wa ngozi wa zamani, wenye mdomo uliofungwa kwa kamba, kwa sababu miaka ile mipya haikuonekana madukani. Sisi chuoni tulicheza miguu mitupu, na ukiupiga mpira wa namna hiyo pale penye kamba, fundo linakuchana kidole. Padri Mtaliano aliyetufundisha alitupa sheria moja: kabla ya kupiga mpira uliosimama, geuza kamba zitazame goli. Tulifanya hivyo kama Mwislamu anavyosema bismillahi kabla ya tonge, hatufikiri. Wanajeshi wenye mabuti hawakuwahi kujali kamba ziko wapi, na muuza chumvi hata asingejua kwamba kuna kamba.

Nilikuwa mbali, golini kwangu, lakini mkono ule niliuona. Ondoga aliweka mpira, akasimama, akainama tena. Akauzungusha kidogo. Kamba zikatazama goli.

Nikashika mlingoti.

Akapiga kwa mguu wa kulia. Mpira ukaenda nje, mbali, ukaangukia kwenye shamba la muhogo. Watu wakashangilia kuliko bao. Wenzetu wakajifanya wamekasirika. Nikamtafuta Nasur kwa macho.

Hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama ukingoni mwa boksi, anatazama ile alama ya chokaa.

Mechi ikaisha sare, moja kwa moja. Lori likawarudisha wenzetu Arua salama, Mindra amekaa mbele na suti yake ya matope. Mimi na Ondoga tukarudi nyumbani kwa miguu. Sikumwambia nilichokiona. Nilidhani nikikitaja kitakuwa kweli.

Jua lilikuwa bado halijazama Land Rover iliposimama tena mlangoni. Nasur alikuja peke yake, bila dereva, bado amevaa jezi. Hilo lilinitisha zaidi, maana mambo ambayo hayataki mashahidi nilikuwa nimeyasikia.

Akaketi mkekani. Mama akaacha kusuka.

"Ondoga," akasema Nasur, kwa sauti ya kawaida tu. "Kuja. Kaa."

Ondoga alikuwa mlangoni mwa jiko. Angeweza kusema mi naitwa Gaspard. Hakusema. Alikuja akakaa, mikono juu ya magoti, na mimi nikahisi mkojo unanibana kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mimi nilitazama nyinyi kwa mbali miaka mingi," Nasur akasema. "Kila penalti, kila kona, nyinyi nageuza ile kamba. Mimi nauliza, hawa walimu natafuta nini kwa mpira? Leo mutu ya chumvi nageuza kamba."

Ondoga akatazama mikono yake.

"Afande," nikasema, "mimi ndiye niliyemleta. Mama hana habari."

"Mimi iko na habari," akasema mama. "Nyumba iko yangu."

Nasur akainua kiganja. "Mimi hapana piga simu bado. Sikiliza. Jumamosi sisi nacheza Arua, na timu ya mkubwa yangu. Mara mbili yeye alifunga sisi. Alisema kama mara ya tatu nashindwa, yeye nanitoa hapa." Akapangusa jasho la mechi. "Mwalimu akitolewa kazi, nalima. Sisi tukitolewa, hapana lima."

Nikamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba na yeye alikuwa anaogopa. Haikunipa faraja. Mtu anayeogopa akiwa na bastola ndiye mbaya zaidi.

"Mimi nataka ile mguu ya kushoto," akaendelea. "Siku moja tu. Kama tunashinda, Jumamosi ile ile mimi napeleka yeye mpaka ng'ambo, Aru, na gari yangu, na jina yake mimi nasahau. Kama tunashindwa, mimi nakumbuka jina yake. Na yako, Mwalimu."

"Atacheza," nikasema upesi, kabla Ondoga hajafungua mdomo. "Atacheza, afande. Utaona."

"Mzuri." Akamgeukia mama, na sauti ikawa ya adabu kabisa, sauti ya kijana wa Kinubi mbele ya mtu mzima. "Mama, bibi yangu alizaa juzi. Nyumbani hakuna mama mkubwa ya kukaa na yeye. Mimi naomba wewe kuja. Mpaka Jumamosi."

Mwenye mila zetu ataelewa ubaya wa ombi lile. Mzazi, yaani mwanamke aliyetoka kujifungua, hakai peke yake siku zake arobaini. Mwanamke mtu mzima akiombwa kwenda kumkanda mzazi kwa maji ya moto na kumfukizia udi, hakatai, labda awe mgonjwa wa kitandani. Kukataa ni kumwombea mtoto mabaya. Nasur angeweza kumchukua mama kwa bunduki na majirani wangelia. Aliamua kumchukua kwa heshima, na majirani wangempongeza.

Mama alielewa kabla yangu.

"Mtoto iko wa kike au wa kiume?" akauliza.

"Wa kike."

"Yeye hapana kosa," mama akasema, akasimama kwenda kufunga nguo zake.

Nilimfuata ndani. Alikuwa anakunja kanga na kutia chetezo chake cha udi kikapuni.

"Mama, sema unaumwa."

"Umaru, mimi iko na miaka mingi. Wewe kaa na rafiki yako, yeye apike, yeye ale, yeye alale. Jumamosi acheze vizuri. Basi." Akanishika kidevu kama nilipokuwa mdogo, akatoka.

Alikaa kiti cha mbele cha ile Land Rover, kikapu mapajani, kitambaa kichwani kimenyooka, akiwapungia mkono majirani waliotoka kumwona anavyoheshimiwa. Gari likageuka kwenye kona ya msikiti. Nikabaki barabarani hadi vumbi likatua.

Nitasema ukweli, ndugu msomaji, maana gazeti hili linanilipa kwa ukweli. Nilipokuwa narudi ndani, chini ya hofu yote ile, nilikuwa na nafuu. Nilikuwa namjua mchezaji wangu. Nilikuwa nimeuona mguu ule ukiwapindua mabeki watatu kwenye nafasi ya mkeka wa kuswalia. Timu ya mkubwa gani ingeuzuia? Jumamosi tutashinda, mama atarudi, Ondoga atavuka, na mimi nitalala usingizi.

Nilimkuta jikoni amekaa kwenye kigoda.

"Basi Mungu ametufungulia," nikamwambia. "Jumamosi wewe acha kuigiza. Cheza kama fainali. Lile bao la pili, unalikumbuka? Wafanyie vile vile."

Ondoga akainama, akafungua kamba za raba ya kushoto. Akaivua. Chini yake alikuwa na soksi nzito ya jeshi, na ndipo nilipotambua kwamba tangu aje kwetu sikuwahi kumwona bila soksi hiyo, hata wakati wa kuoga alijifungia. Akaanza kuivua polepole, kuanzia juu, akikaza meno.

"Umaru," akasema, "leo mimi sikuigiza."

Mguu ule sitauelezea wote. Vidole vitatu vilikuwa vimeungana vikawa donge moja, na kidole gumba kilitazama pembeni. Mfupa wa juu ya unyayo ulikuwa umebonyea ndani, ungeweza kulaza kijiko pale. Kilikuwa kidonda kilichopona zamani, kikapona vibaya.

Nikakaa chini kwenye majivu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kila siku unaniletea chakula, unanisimulia lile goli la pili," akasema. "Mimi ningekuambia saa ngapi?"

Nilitaka kumuuliza Jumamosi tutafanya nini. Nilitaka kumuuliza nani atakwenda kumwambia mama. Mdomo wangu ukauliza kingine.

"Walikufanya nini?"

Ondoga akaurudisha mguu ndani ya soksi, kwa uangalifu, kama anayemvisha mtoto.

"Hii ni ya mara ya kwanza nilipotoroka, walinishika njiani," akasema. "Hawakunipiga. Walikuwa wapole, walinipa na sigara. Wakaniuliza, wewe si ndiye yule wa mpira, mguu ya magoli iko gani? Mimi nikafikiri wanapenda mpira. Nikawaonyesha."